Daftari, Kigango na Jina la Marehemu

Pale Barabara ya Kenyatta inapokutana na Uhuru Highway, katikati ya Nairobi, kuna jengo la mawe lisilo kubwa, lenye kuba na vyumba vilivyopangwa kuizunguka. Lilijengwa mwaka 1913 liwe ofisi ya serikali ya kikoloni, na baadaye likawa makao ya Mkuu wa Mkoa. Humo ndimo zilimoandikishwa habari za vizazi, ndoa na vifo, na Waingereza wakalibandika jina la utani lenye vina, linalofaa vifaranga na vifurushi kuliko wanadamu: kuanguliwa, kuoanishwa, kutumwa. Hapo ndipo pia ilipo nukta sifuri, ambapo umbali wa kwenda sehemu nyingine za nchi huanzia kupimwa. Siku hizi jengo hilo ni Nairobi Gallery, chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Vyumba vya makarani vimejaa sanaa ya Kiafrika iliyokusanywa na Joseph Murumbi, aliyewahi kuwa Makamu wa Rais wa Kenya, na mara kwa mara hufunguliwa humo maonyesho ya muda ya wasanii wa sasa.

Kugeuza ofisi kuwa ukumbi wa sanaa ni jambo la kawaida. Sehemu nyingine ya mkusanyiko wa Murumbi, iitwayo Murumbi Gallery, imo ndani ya Nyaraka za Taifa, katika jengo lililokuwa la National Bank of India. Lakini ofisi hii ya pembeni mwa barabara inaibua swali ambalo benki haiibui. Karani wa vizazi na vifo alithibitisha kwamba fulani alikuja duniani na kwamba ameondoka. Mchongaji na mchoraji nao hudai jambo linalofanana na hilo. Je, wanathibitisha kitu kimoja?

Daftari la serikali halikuanza kwa kumuuliza mtu amefanya nini. Liliuliza yeye ni nani kwa maana ya kundi: rangi, kabila, dini, wilaya. Uandikishaji wa lazima wa vizazi ulianza na Wazungu, na kwa Waafrika haukuenea nchi nzima mpaka baada ya uhuru. Mwafrika alifikiwa mapema zaidi na daftari la aina nyingine. Sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa kwa nguvu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilimlazimu kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi kuchukua kipande, chenye alama za vidole na habari za mwajiri na mshahara wake. Kipande hicho kilitiwa katika kikopo cha chuma na kuvaliwa shingoni, mpaka kilipofutwa mwishoni mwa miaka ya 1940. Mtu huyo alijulikana kama mkono wa kazi kabla ya kujulikana kama mtoto wa fulani.

Maandishi yenyewe hayana kosa. Waislamu wa pwani wamelelewa wakijua kwamba kila mja ana malaika wawili wanaoandika, na Wakristo husoma habari za kitabu cha uzima. Daftari ni wazo la kidini kabla halijawa la utawala. Tofauti iko katika kinachoandikwa. Malaika huandika matendo, kwa hiyo hakuna kurasa mbili zinazofanana, na mwisho wake kuna msomaji mmoja anayemfahamu mja huyo kwa undani. Karani huandika sifa ambazo maelfu wanazo pamoja, kisha hufunga daftari na kulipeleka kabatini.

Fikra za Kiafrika zinaongeza sharti jingine. John Mbiti, mwanateolojia kutoka Kitui na kasisi wa Kianglikana aliyefariki mwaka 2019, alichukua maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, akayafanya nguzo za kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Afrika. Kwa maelezo yake, aliyekufa bado yumo katika sasa maadamu yupo aliye hai anayemkumbuka kwa jina. Huyo Mbiti alimwita mfu aliye hai. Anapokufa mtu wa mwisho aliyemjua, baada ya vizazi vinne au vitano, marehemu huingia katika zamani na kupoteza uso wake. Kwame Gyekye wa Ghana alipinga vikali madai mengine ya Mbiti kuhusu wakati, hasa lile kwamba Mwafrika wa jadi hakuwa na dhana ya mustakabali wa mbali, na hoja zake zina uzito. Lakini wazo la jina linalohitaji mdomo wa kulitaja halikuanguka pamoja na lile. Kwa kipimo hicho daftari ni chombo cha ajabu: hutunza jina bila kumkumbuka mwenye jina. Jina hilo linaweza kudumu humo miaka mia moja na hamsini pasipo mtu wa kulitamka.

Hapo ndipo sanaa huletwa kama mshindani. Inasemwa kwamba mchongo au picha hurejesha uso ambao daftari liliufuta. Anayetazama maonyesho ya wasanii wengi katika vyumba vile vya mawe huona mikono tofauti ikibishana, jambo ambalo fomu isingeliruhusu. Hata mwenye mkusanyiko alikuwa mtu asiyeingia katika safu moja ya fomu. Murumbi alizaliwa mwaka 1911, baba yake akiwa mfanyabiashara Mgoa na mama yake Mmaasai. Alisomeshwa India, akafanya kazi katika utawala wa Waingereza Somalia, kisha akachagua upande wa mama yake. Mwaka 1966 alikuwa Makamu wa Rais kwa miezi michache tu, akajiuzulu.

Hata hivyo hoja hiyo isipokelewe kirahisi. Makumbusho nayo ni ofisi. Kila kitu kinachoingia hupewa namba, kadi na maelezo mafupi: kabila, wilaya, mwaka. Ni safu zilezile za karani, na mara nyingi sehemu ya jina la msanii huachwa wazi.

Tatizo hilo huwa kali zaidi kwa kigango. Wamijikenda, hasa Wagiriama, huchonga ubao mrefu wenye kichwa na nakshi za pembetatu kwa ajili ya mzee aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima. Aghalabu hufanya hivyo baada ya koma wake, yaani roho yake, kuwatokea jamaa ndotoni na kulalamika kwamba amesahauliwa. Kigango husimikwa ardhini, hupewa kinywaji na chakula, na hakihamishwi hata ukoo ukihama. Mvua na mchwa hufanya kazi yao. Basi kigango ni hati ya kifo iliyotengenezwa ioze, na kuoza kwake kunakwenda sambamba na safari ya marehemu kutoka sasa kuelekea zamani. Tangu miaka ya 1970 vigango vingi viliibwa na kuuzwa Marekani kama sanaa, vikapigwa dawa ya wadudu na kusimamishwa chini ya taa. Viwili vilirudishwa mwaka 2007, na mwaka 2014 makumbusho moja ya Denver yaliamua kurudisha 30. Wezi walivitenga na ukoo wake. Watunzaji, kwa nia njema kabisa, walivinyima kuoza. Marehemu akabaki katikati, hakumbukwi na jamaa wala haruhusiwi kusahaulika.

Ingefaa basi kuhitimisha kwamba daftari na ukumbi wa maonyesho vyote ni maadui wa kumbukumbu hai, kama si jengo la jirani. Hatua chache kutoka Nairobi Gallery limesimama Nyayo House, ghorofa ndefu ya miaka ya 1980, ambako ofisi za mkoa zilihamia. Katika vyumba vyake vya chini, watu walioshukiwa kuipinga serikali waliteswa, na wengine walizuiliwa kwa siku na wiki bila jamaa zao kuambiwa walipo. Vyumba hivyo vilifunguliwa watu wavione mwaka 2003. Humo kosa halikuwa kuandikwa. Lilikuwa kutoandikwa mahali ambapo mama angeweza kwenda kuuliza. Jina lilitajwa nyumbani kila siku, lakini mdomo wa kulitaja haukutosha bila karatasi ya kumdai mtu. Mbiti hakuandika kuhusu hali hiyo, na kipimo chake hakiigusi.

Murumbi mwenyewe alifariki mwaka 1990. Alitaka azikwe karibu na rafiki yake Pio Gama Pinto, aliyeuawa kwa risasi mwaka 1965, na kaburi lake lipo City Park, Nairobi. Limezungukwa na michongo ya wasanii aliowapenda, akiwemo Elkana Ong'esa wa Kisii na Francis Nnaggenda wa Uganda. Michongo hiyo iko nje, penye mvua.