Dhamana ya Nani?

Msemo kwamba cheo ni dhamana umo vinywani mwa kila kijana aliyepita shule nchini mwetu. Tangu zama za TANU ulihesabiwa miongoni mwa ahadi za mwanachama, na hata leo ni hotuba chache za uongozi zisizoutaja. Hatuna ugomvi nao. Twaona tu kwamba umekaririwa kuliko ulivyofikiriwa. Dhamana haikai yenyewe hewani: ina aliyeiweka, ina aliyeipokea, tena ina siku ya kudaiwa. Basi mtu aliyeanzia katika utawala wa kwao, akapanda hadi kuketi mahali zinapotungwa sheria za nchi nzima, ameshika dhamana ya nani? Ya waliomlea chini, au ya aliyemvuta juu?

Usukuma unacho kisa kinachotufaa katika kulijibu swali hili. Mwaka 1945 Gavana wa Tanganyika aliwateua Waafrika wawili kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria, ambalo lilikuwa limekutana tangu mwaka 1926 bila ya Mwafrika hata mmoja. Mmoja alikuwa Mangi Abdiel Shangali wa Machame. Wa pili alikuwa Kidaha Makwaia, Mtemi wa Busiya katika Shinyanga, nchi ambayo sehemu yake leo imo katika Wilaya ya Kishapu. Kidaha alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, msomi wa Makerere, mrithi wa kiti cha baba yake. Baadaye aliingia pia katika Baraza la Utendaji la Gavana, na kati ya mwaka 1953 na 1955 alikuwa mjumbe wa Tume ya Kifalme iliyochunguza mambo ya ardhi na uchumi katika Afrika Mashariki. Kwa kijana aliyetoka Busiya, huo ulikuwa mwendo mrefu mno.

Ili tuupime mwendo huo yatupasa kwanza kujua utemi ulikuwa kitu gani. Wazee husema jina lenyewe latokana na kutema, yaani kukata: mtemi ndiye aliyekata pori la kwanza, na ndiye akataye mashauri. Lakini mtemi hakujiweka. Walikuwapo banang'oma, wazee wa ngoma ya utawala, ambao ndio waliochagua miongoni mwa watu wa ukoo wa kitemi nani akalie kiti. Na mvua zilipokoma, au nchi ilipoharibika, mtemi aliweza kuondolewa. Msomaji wa leo aweza kucheka kwamba mtu alinyang'anywa kiti kwa sababu ya mawingu. Sisi hatucheki. Ndani ya desturi ile mlikuwa na fikra nzito, kwamba mtawala hujibu kwa hali ya nchi, hata kwa lile asiloliweza, na kwamba wanaomuuliza ni wale wale wanaokula kilichoota katika nchi hiyo.

Serikali ya Kiingereza haikuufuta utemi. Iliutwaa. Kwa sheria ya mwaka 1926, chini ya Gavana Donald Cameron, watemi walifanywa kuwa serikali za wenyeji, wakapewa mahakama na hazina, wakalipwa mishahara. Toka hapo aliyeweza kumwondoa mtemi alikuwa Serikali. Kwa nje kiti kilikuwa kile kile, na ngoma zilipigwa kama zamani. Ila siku ya kudaiwa ilikuwa imehamishwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili amri zilizidi kumiminika Usukumani: kupunguza mifugo, kulima matuta, kulipa kodi. Aliyezitangaza amri hizo kwa watu ni mtemi.

Wako wasemao kwamba kwa sababu hiyo Kidaha hakuwa mwakilishi kamwe, bali sauti ya Gavana iliyovikwa ngozi nyeusi. Neno hilo tunaliona kali kupita haki. Mtu aliyeteuliwa aweza kuwatetea watu wake vizuri, kama vile aliyechaguliwa kwa kura nyingi aweza kulala usingizi barazani miaka mitano. Wala si jambo dogo kwamba kiti kile hatimaye kilikaliwa na Mwafrika. Kasoro haikuwa katika moyo wa mtu, ambao hatuna mizani ya kuupimia. Ilikuwa katika njia. Njia ya kupanda kutoka Busiya ilikuwa wazi, lakini njia ya watu wa Busiya kumfuata huko juu na kumuuliza ilikuwa imezibwa. Mwaka 1954 Kidaha aliuacha utemi. Ni mwaka ule ule TANU ilipoundwa, na pia ule ule chama hicho kilipokatazwa kufanya kazi Jimbo la Ziwa.

Zuio hilo halikuwanyamazisha watu. Serikali ilipotaka kuweka Geita baraza la wilaya la mataifa mchanganyiko, watemi walilikubali. Wananchi walilikataa. Mwaka 1958 maelfu yao walikwenda hadi Mwanza kupeleka malalamiko yao, na mwishowe Serikali ililazimika kurudi nyuma. Wengi hukitaja kisa hiki kama sura ya kupigania uhuru, nacho ni hicho kweli. Lakini tazama pia walichowaambia watemi wao: mmekubali bila kutuuliza. Hapo wakulima wa Geita walikuwa wakiidai dhamana yao kwa wale waliodhani imekwisha hamishwa.

Utemi ulifutwa kisheria mwaka 1963. Halmashauri za wilaya nazo zilivunjwa mwaka 1972, zikarudishwa kwa sheria za mwaka 1982 na kuanza kazi tena mwaka 1984, na tangu hapo wamekuwapo madiwani waliopanda hadi kuwa wabunge. Ila wapiga kura hawana sheria ya kumwita mbunge arudi kabla ya miaka mitano kwisha, hali chama chake kikimfukuza uanachama hupoteza kiti. Hilo lastahili kujadiliwa darasani bila woga.

Na bado kuna jambo moja ambalo hatuoni likizungumzwa vya kutosha. Kwa sheria zetu mbunge ni mjumbe pia wa halmashauri ya kwao. Geita, ambako mgodi wa zamani ulifungwa mwaka 1966 na mkubwa wa sasa ukaanza mwaka 2000, hili si jambo la karatasi tu. Halmashauri hudai ushuru wa huduma kutokana na mapato ya dhahabu, na tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2017 mpango wa mgodi wa kuwasaidia wananchi sharti uafikiwe na halmashauri. Mtu yule yule aliyenyoosha mkono Dodoma sheria ikapita, huketi Geita katikati ya madiwani wakihesabu madarasa na visima vilivyojengwa. Madiwani hao walala kata zile zile wanakolala waliowachagua, na wanayo ruhusa ya kumuuliza.