Kujibu swali la riwaya usiyoisoma: Ni elimu au ni uongo?

WAZAZI wengi wa mijini, tukiwamo sisi Waislamu, tukiuliza habari za watoto wetu walioko sekondari tunauliza jambo moja tu: amepata daraja la ngapi? Hatuulizi amesoma nini. Kwa hiyo swali ninaloleta leo huenda likaonekana dogo. Kijana anayejibu vizuri swali la riwaya ambayo hajapata kuifungua, amefanya nini hasa? Amefaulu, au amesema uongo?

Hali ya shule zetu inajulikana. Vitabu teule vya fasihi havisomwi, kinachosomwa ni desa. Dhamira, wahusika, ujumbe, migogoro, yote yameshaorodheshwa na mtu mwingine. Kijana anakariri hoja sita, anaweka utangulizi na hitimisho, anapewa alama zake. Na majibu ni sahihi. Yangekuwa ya makosa tungekwisha kuligundua tatizo zamani.

Tuchukue Takadini, riwaya ya Ben Hanson iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa miongoni mwa vitabu teule vya kidato cha tatu na cha nne. Inamhusu Sekai, mwanamke aliyekaa muda mrefu bila mtoto, na alipojaaliwa akazaa mtoto mwenye ualbino. Mila za kwao hazimruhusu mtoto wa namna hiyo kuishi. Sekai anambeba mwanawe na kutoroka, mpaka kijiji cha mbali anakopokewa na mzee Chivero.

Sasa tazama ramani. Riwaya hiyo ilikuwa ikikaririwa Shinyanga, Kahama na Geita katika miaka ileile ambayo watu wenye ualbino walikuwa wakiwindwa huko huko. Waganga wapiga ramli waliwaaminisha watu kwamba viungo vya binadamu huleta dhahabu kwenye machimbo na samaki ziwani. Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyokaa Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua mtoto mwenye ualbino wilayani Bukombe, wilaya ambayo wakati huo ilikuwa Shinyanga na leo iko Mkoa wa Geita. Watoto wengine walikimbiziwa Buhangija, Shinyanga, wakalelewa ndani ya uzio mbali na mama zao. Hadi Januari 2015 Serikali ilikuwa bado inatangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli.

Katika miaka hiyo kijana wa ndugu yangu alikuwa kidato cha nne Kahama. Nilimuuliza kuhusu mila potofu katika Takadini, akanimwagia hoja zote bila kusita. Nikamuuliza jina Takadini maana yake nini.

"Baba mdogo, hiyo haitokagi kwenye mtihani," akanijibu.

Jina hilo kwa Kishona ni swali: tumefanya nini? Mama aliyemwita mwanawe hivyo alikuwa anauliza kosa lake. Mtu anaweza kupata alama zote bila kusikia kwamba ameulizwa.

Je, huo ni uongo? Wapo watakaosema hapana, kwa kuwa kila alichokiandika ni kweli. Lakini ukweli wa maneno si ukweli wa msemaji. Surat Al-Munafiqun inaanza na watu wanaomshuhudia Mtume (s.a.w) kwamba ni Mtume wa Mwenyezi Mungu. Walichosema ni kweli tupu, na Mwenyezi Mungu anawaita waongo. Sina maana kwamba mwanafunzi wa desa ni mnafiki, Allah atuepushe na kuhukumiana hivyo. Nasema tu kwamba ushahidi una sharti lake, nalo ni kuwa uliona. Anayeandika kwamba mwandishi amemtetea mtoto yule, ilhali hakuandamana na mama yake hata hatua moja, anashuhudia asichokiona.

Tuwe waadilifu, lawama si ya kijana peke yake. Darasa zima linaweza kugawana nakala chache. Na taarifa ya Human Rights Watch ya mwaka 2013 ilieleza watoto wanaofanya kazi katika machimbo madogo ya Geita, Shinyanga na Mbeya: kushuka kwenye maduara, kubeba mawe, kushika zebaki, na kukosa masomo. Mtoto anayetoka kwenye karasha na vumbi puani utamwambia nini kuhusu uhuru wa kusoma? Huyo desa ni kamba ya kuokolea. Ninaowashangaa ni sisi tulio mijini, ambao mtoto ana kitanda, taa na Jumapili nzima, na bado tunamnunulia uchambuzi kabla ya kitabu.

Mwingine atasema riwaya haizuii panga. Kweli, haizuii. Ila waliokamata mapanga walikuwa wachache. Wengi walikuwa majirani waliosikia mnong'ono wakafunga milango, na jirani wa kesho ndiye huyu aliyeko kidato cha nne leo. Huyo ningependa aandike insha moja tu isiyo ya mtihani, kwa maneno yake, hata yakiwa mabaya: Sekai angegonga mlango wenu usiku ule, baba yako angefanya nini? Wewe ungefanya nini? Hakuna kijitabu kinachouzwa stendi chenye jibu hilo. Atalazimika kurudi kitabuni atazame Chivero alifanya nini na kwa gharama gani, kisha atazame kwao.

Nakala moja inatosha darasa zima ikisomwa kwa sauti. Madrasa zetu zinafanya hivyo kila siku na kitabu kimoja cha fiqhi, mmoja anasoma, wengine wanasikiliza na kuuliza. Walimu wa Kiswahili walioko Kahama na Geita wanaweza kuanza na kipindi cha Jumamosi.