Kitanda cha Wageni Wasiokuja

Sebuleni kwako sentimita kumi si kitu. Ndani ya karavani, ile nyumba ndogo ya magurudumu ambayo Waingereza huikokota nyuma ya gari kwenda likizo, sentimita kumi ndizo zinazoamua kama utalala au utakesha. Sheria ya huko hairuhusu upana uzidi mita 2.55, na nyingi zina mita 2.3 tu kwa nje. Ukitoa unene wa kuta, umebaki na mita 2.2 hivi. Humo liingie jiko, choo, bafu, meza, kabati, na mtu alale.

Sisi tuliozoea kumwambia seremala "sita kwa sita", tukiingia humo tunacheka kwanza, kisha tunanyamaza. Futi sita ni sentimita 183. Weka kitanda hicho katikati uone: kila upande hupati hata pa kupitisha paja. Kitanda cha kawaida cha Mwingereza cha watu wawili kina sentimita 135 kwa 190, yaani futi nne na nusu kwa sita na kitu. Hicho kinaingia, na kila upande panabaki kama sentimita 40. Unapita kiubavu, lakini unapita.

Haya niliyaona nilipowasindikiza dada yangu na shemeji, wakazi wa Uingereza wa miaka mingi, kwenye yadi ya karavani zilizotumika. Watoto wamekwisha kuhama, na wao sasa wanataka kutembea. Shemeji alikwenda moja kwa moja kwenye ile ya kulala watu sita. Na sita kweli wanaenea, ila kwa kazi: makochi ya mbele unavuta mbao katikati yake, unapanga mito, ndicho kitanda, meza ya ubavuni unaishusha, ndicho kingine. Kila usiku unajenga, kila asubuhi unabomoa, na maungio ya mito yanakukaa papo hapo penye nyonga.

"Wageni wakija je?" shemeji akatetea.

Dada hakumjibu. Alikuwa ameshavua viatu na kupanda kitanda cha karavani ya jirani, kitanda cha kudumu kilichowekwa kukingama, ubavu mmoja umegusa ukuta wa nyuma.

"Baba watoto, hebu njoo ulale huku ukutani."

Akalala.

"Haya. Saa nane za usiku, mkojo umekubana. Toka."

Shemeji ana mwili wake. Alivuka juu ya mkewe kwa magoti, akishika kabati, akiomba radhi, na wateja wengine wanachungulia dirishani. Dada akashuka, akavaa viatu, akaomba waonyeshwe yenye kitanda cha katikati, kile ambacho kila mtu anashuka kwa upande wake.

Kitanda hicho kina gharama, tusidanganyane. Kinameza nafasi ya kukaa. Mbele mnabaki na makochi mafupi na meza ya vikombe viwili. Godoro nene nalo ni mzigo: karavani ya wastani huruhusiwa kubeba kilo 150 hivi za vitu vyenu, na godoro zito mnaloongeza linakula humo humo pamoja na sufuria na nguo. Faida ni mvunguni. Kwetu mtaka cha mvunguni huinama. Huko ananyanyua kitanda kizima, godoro na yote, na ghala lote liko wazi.

Lakini kilichonikaa moyoni ni lile swali la shemeji, maana nimelisikia maisha yangu yote. Katika nyumba nyingi za kwetu godoro jipya ni la chumba cha wageni. Baba na mama wanalalia lile lililobonyea katikati, wanaamka wanashika viuno, na kule chumbani shuka la maua limetandikwa tangu Idi iliyopita, mlango umefungwa. Tunauita ukarimu. Mimi naona nusu yake ni woga wa kusemwa, kwa sababu mgeni anayekupenda hafurahi kulala kwenye sponji nzuri akijua mwenyeji wake analala kwenye shimo. Mgeni aheshimiwe, sikatai. Ila hesabu ya kitanda ianze na anayekilalia kila usiku.

Na kutaka kulala vizuri si uvivu. Mmarekani Wally Byam, mwanzilishi wa kampuni ya karavani ya Airstream, inaelezwa alianza kutengeneza karavani kwa sababu mkewe hakutaka shida za hema. Mwaka 1959 akaongoza msafara wa karavani hizo zinazong'aa kama sufuria mpya kutoka Cape Town hadi Cairo, zikipita Afrika Mashariki kwenye barabara za vumbi na tope. Watu walivuka bara zima wakilala kwenye magodoro yao. Hakuna aliyewaita wavivu.

Dada na shemeji walichukua ile ya kitanda cha katikati, ya watu wawili. Kwa wageni watanunua hema la kuunganisha ubavuni, na shemeji amekubali kwamba siku hiyo atakayelala hemani ni yeye. Nawe ukienda kununua, iwe karavani au kitanda cha nyumbani, nendeni wawili, vueni viatu, mlale kabla ya kutoa hela. Muuzaji asubiri nje.