Tusiwahukumu Wazazi kwa Maneno ya Ugonjwa



Amri ya Nne yatuamuru kuwaheshimu wazazi wetu, nasi twaijua tangu siku za katekisimu. Kuishika ni rahisi maadamu mzazi ni mwenye busara na upendo. Lakini itakuwaje mzazi aliyekwenda hospitali akiwa mpole akirudi mkali, mwenye shuku na matusi? Juu ya jambo hilo twapenda kusema leo, kwa maana linazivunja nyumba nyingi za Wakristu kimyakimya.

Mara nyingi huwa hivi. Mzee aanguka, avunjika nyonga, apasuliwa, na kazi ya daktari yafanikiwa. Usiku wa pili aanza kuona watu wasiokuwapo. Ang'oa mpira wa dawa mkononi. Binti anayemlisha amwita mwizi, na mke aliyeishi naye miaka hamsini amfukuza kama mgeni. Asubuhi ametulia, jioni aanza tena. Mwingine apatwa na kiharusi, na tangu hapo hataki sala wala wajukuu, au hutukana mbele ya wageni, yeye aliyekuwa mtu wa haya. Ndipo watu husema: "Sasa tumeujua moyo wake." Wengine husema: "Amerogwa." Na wako wasemao: "Kumbe mwenyewe ndiye mchawi."

Maneno hayo matatu yote ni ya uongo, na hilo la tatu limekwisha kumwaga damu. Katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza vikongwe, hasa akina mama, wameuawa kwa tuhuma za namna hiyo. Mkristu akimpeleka mzazi wake kwa mpiga ramli badala ya kwa daktari, ampotezea siku za kupona, na pengine amfungulia mlango mwuaji.

Ukweli ni huu: ubongo ni kiungo cha mwili, nao huweza kuugua kama moyo au figo. Machafuko ya akili yanayokuja ghafla namna hiyo madaktari huyaita deliriamu. Huletwa na maumivu, na homa ya mapafu, na maambukizo katika njia ya mkojo, na upungufu wa maji mwilini, na baadhi ya dawa za usingizi na za maumivu, na kukesha mahali pageni bila miwani wala sura inayojulikana. Kijana huyastahimili hayo. Ubongo wa mzee, ambao akiba yake imepungua, hushindwa.

Tena si jambo jipya. Mwaka 1955 daktari P. D. Bedford wa Oxford, Uingereza, aliandika katika jarida la Lancet juu ya wazee ambao jamaa zao walilalamika kwamba tangu kupasuliwa hawakuwa tena watu wale wale. Mwaka 1998 jarida hilo hilo lilitangaza uchunguzi juu ya wagonjwa 1,218 wenye miaka 60 na zaidi, katika nchi mbalimbali, waliofanyiwa upasuaji mkubwa. Baada ya juma moja, kama robo yao walikuwa wamepungukiwa na nguvu za kukumbuka na kufikiri. Baada ya miezi mitatu walibaki kama mmoja katika kumi. Hesabu hiyo ina tumaini: wengi hurudi, ila hawarudi kwa siku moja. Kiharusi ni jambo jingine, kwani sehemu ya ubongo inayotawala hasira au haya yaweza kuharibika kabisa. Hata hivyo, huzuni nzito inayofuata kiharusi ni ugonjwa wenye tiba, wala si ukaidi.

Basi, tuyapime maneno ya mzee huyo kwa mizani ya Kanisa. Tumefundishwa kwamba ili dhambi iwe ya mauti hudai jambo zito, ujuzi kamili na hiari kamili. Mtu asiyejua kama ni usiku au mchana, ujuzi huo ataupata wapi? Ikiwa Mungu hamhesabii, sisi ni nani hata tumwekee kinyongo? Tena twawajua watoto waliotamkiwa laana kitandani pa mgonjwa, na wameibeba hofu yake miaka mingi. Kwao twasema: wekeni mzigo huo chini. Ulimi hauna mfupa, na ulimi wa mwenye deliriamu hauna hata bwana. Mungu si mtumishi wa homa.

Lakini yule mwenye akili timamu atahesabiwa. Mtoto amshikaye mzazi mkono katika siku hizo ili atie dole gumba kwenye hati ya shamba, huyo ni mwizi, hata kama hati ina mihuri kumi.

Tufanye nini basi? Mzee akibadilika ghafla, arudishwe hospitali upesi, na daktari aelezwe jinsi alivyokuwa zamani, na dawa zote anazotumia, hata za miti shamba. Mwaka 1999 waganga wa Marekani walieleza jinsi walivyowahudumia wagonjwa wenye miaka 70 na zaidi kwa mambo madogo: kuwapa maji, kuwatembeza, kuwavalisha miwani, kuwaacha walale usiku, kuwakumbusha siku na mahali. Waliopatwa na machafuko hayo walipungua kutoka 15 katika mia hadi karibu 10. Ni lipi kati ya hayo linalodai mali nyingi? Tusibishane naye, tusimcheke, tusimfunge kamba. Tumwite kwa jina lake la heshima, tumshike mkono, tusali naye Salamu Maria aliyoizoea.

Tena kazi hiyo isiachwe kwa binti mmoja au mkamwana mmoja, huku kaka zake mjini wakituma fedha na lawama. Waje nao wakeshe. Na Jumuiya Ndogo Ndogo zishike zamu, ili yule mwuguzaji apate kulala na kwenda Misa.

Zaidi ya hayo, kabla ya upasuaji mkubwa padre aitwe, mzee akiwa na akili zake, aungame na kupokea Mpako wa Wagonjwa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitukumbusha mwaka 1963 kwamba Sakramenti hiyo si ya wanaokata roho tu. Hata akili ikiwa imekwisha kupotea, padre aitwe: Kanisa halimnyimi Mpako aliyeutaka alipokuwa mzima.

Someni jioni ya leo sura ya tatu ya kitabu cha Yoshua bin Sira. Humo mwana aagizwa kumvumilia baba yake hata akili zake zikipungua, na kutomdharau kwa kuwa yeye ana nguvu. Mwandishi huyo aliyajua mambo ya nyumbani kwetu zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Na baada ya kusoma, nendeni mkaketi karibu na mzee wenu. Akiwatukana, mwitikieni kwa upole. Huenda kesho akawatambua.