Someni Barua Yote

Wanangu, andiko la Yeremia 29:11 mnalipenda, nami nalipenda. Naliona nyuma ya bajaji, naliona kwenye simu zenu asubuhi na kwenye kadi za mahafali: Mungu anawawazia watu wake amani, anawaandalia tumaini. Ni kweli tupu, na asitokee mtu wa kuwanyang'anya. Kinachonitia hofu ni kwamba wengi wenu hamjui kuwa maneno hayo ni kipande cha barua, wala mstari unaoyatangulia unasema nini.

Barua hiyo nabii Yeremia aliituma kutoka Yerusalemu kwenda Babeli baada ya mwaka 597 kabla ya Kristo, Nebukadreza mfalme wa Babeli alipokwisha kumchukua mfalme Yekonia pamoja na wakuu, mafundi na wahunzi. Mateka wale walitamani kurudi upesi, na hawakukosa manabii wa kuwaambia walichotaka kusikia. Yeremia akawaagiza wajenge nyumba, walime bustani, waoe na kuozesha, tena wauombee heri mji uleule uliowateka. Kisha mstari wa 10 ukawapa muda: miaka 70. Ahadi mnayoipenda inakuja baada ya hapo. Pigeni hesabu. Mwenye miaka 30 aliyeisikia barua hiyo ikisomwa angengoja mpaka karibu miaka 100. Kwa wengi wao kurudi kulikuwa fungu la watoto na wajukuu, na bado waliambiwa wapande miti ya matunda.

Rudini sura moja nyuma mkutane na nabii Hanania. Alisimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote, akatangaza kwa jina la Bwana kwamba miaka miwili tu na vyombo vya hekalu na mateka wote watakuwa wamerudi. Yeremia alikuwa amevaa nira ya mti shingoni, ishara ya kuitumikia Babeli; Hanania akaivua na kuivunja. Naomba mtue hapa. Yeremia aliposikia utabiri huo aliitikia Amina! Naye alitamani iwe hivyo. Lakini tamanio lake hakuligeuza kuwa neno la Mungu: alisema nabii wa amani hujulikana neno lake litakapotimia, akaenda zake, na hakumjibu zaidi mpaka Bwana aliposema naye. Hanania alikufa mwaka uleule, na baadaye Yerusalemu ukachomwa moto, hekalu likiwemo.

Hanania wa siku hizi ana kipaza sauti na namba ya kutumia sadaka. Anakupa siku saba: kazi, mume, viza. Kijana anauza pikipiki inayomlisha, anapanda “mbegu” ya sadaka, anangoja, na siku ya nane anamnung'unikia Mungu kwa ahadi ambayo Mungu hakuitoa. Hili linaniuma kuliko ninavyoweza kusema, kwa sababu anayeumia hivyo mara nyingi haachi kumwamini yule nabii peke yake, anaacha kusali.

Wapo pia wanaofumba macho, wakafungua Biblia popote na kudonoa mstari kwa kidole ili wajue waolewe na nani. Msifanye hivyo. Mtazameni Danieli, sura ya 9. Alisoma vitabu, akaelewa kutoka kwa Yeremia hesabu ya ile miaka 70, na alipojua kwamba wakati umekaribia akafunga, akavaa gunia, akatubu kwa ajili ya taifa lake. Ahadi ilimpigisha magoti. Koreshi, mfalme wa Uajemi, alipotoa ruhusa ya kurudi mwaka 538 kabla ya Kristo, walikuwapo watu wa kurudi kwa sababu wazazi wao walikubali kuoa, kujenga na kulea ugenini.

Kwa hiyo wewe unayengoja majibu ya kazi, endelea kungoja, na huku ulime, ujifunze ufundi, uwaombee hata wasiokupenda katika mji unaoishi. Jioni hii someni Yeremia 27 hadi 29 kwa mfululizo, kwa sauti, wawili watatu pamoja, na mtakapokwama mpelekeeni mchungaji swali lenu kabla hamjampelekea mtu yeyote fedha.