Na Wewe Ticha, Tukuamini kwa Nini?

Nikiwa kwenye mafunzo ya vitendo ya ukutubi, niliachiwa darasa la kidato cha pili. Somo: kupima habari. Nilijiandaa kama mtu anayeenda kuokoa taifa. Niliwaonyesha ujumbe uliozunguka WhatsApp wakati wa korona, ati maji moto yenye ndimu yanaua virusi, nikawaambia: usikae kwenye ukurasa ukiukodolea macho. Toka nje yake. Uliza ni nani ameandika, anafaidi nini, na wengine wanasemaje juu yake.

Kijana wa nyuma akainua mkono. "Na wewe ticha, tukuamini kwa nini?"

Darasa likaangua kicheko. Hata mimi nilicheka, lakini swali lilinifuata hadi kwenye matatu.

Jibu rahisi ni kwamba maktaba haidanganyi. Lakini hapa Nairobi tunayo McMillan, ile yenye simba wawili mlangoni. Ilifunguliwa mwaka 1931, na kwa zaidi ya miaka 20 Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo. Hata kama kila kitabu rafuni kingekuwa cha kweli, mlango wenyewe ulidanganya kuhusu nani anastahili kujua.

Basi niwafundishe wasiamini chochote? Hapana. Asiyeamini lolote na anayeamini yote ni ndugu. Wote wameacha kazi ya kupima.

Tena kuna shosho. Ujumbe ule wa ndimu ni yeye aliyenitumia, na hakuwa mjinga. Alikuwa na hofu, na ananipenda. Nilimjibu "hiyo ni feki" kwenye grupu, mbele ya ukoo mzima. Nilikuwa sahihi. Tangu siku hiyo hakunitumia kitu tena, wala kuniuliza.

Kipindi kilichofuata niliandika jina langu ubaoni. Nikasema: leo nichunguzeni mimi. Haikuchukua muda. Nilikuwa nimewaambia kwamba tovuti inayoishia na .org ni ya kuaminika; yule kijana wa nyuma akaonyesha kwamba mtu yeyote anaweza kuisajili. Nikafuta kosa langu wakiniangalia. Hakuna aliyecheka.

Jioni nikampigia shosho. Nikamuuliza siku hizi anasoma nini kwa simu, na kama tunaweza kusoma pamoja.

Akanyamaza kidogo. "Ngoja nivae miwani," akasema.