Amiri wa Safari

Kila Mfunguo Sita, Lamu hupokea wageni wa pwani nzima na wa ng'ambo wanaokuja kwenye Maulidi ya Riyadha, msikiti wa Habib Swaleh, sharifu aliyetokea Visiwa vya Ngazija. Sifa huwaendea wasomaji na wapiga matari. Aliyekodi mashua, akahesabu watu pale gatini Mokowe, akajua nani hajala na nani hana pa kulala, hatajwi. Je, kazi yake ni ibada, au ni uchukuzi tu? Nasema ni amana, na kwa kuwa ni amana, kujifunza ujuzi wake ni wajibu wa kidini kwa yeyote anayeishika. Mtume alifundisha kwamba wasafiri watatu wamteue mmoja wao awe amiri. Watatu tu! Basi kikundi cha watu ishirini, chenye matari na vipaza sauti, kinamhitaji amiri kiasi gani? Na uamiri una elimu yake. Kwa atokaye Faza au Siyu, kisiwani Pate, huanzia kwenye maji: mlango wa Mkanda, kati ya kisiwa cha Manda na bara, hupitika vyema maji yakijaa, na asiyejua bamvua na maji mafu atawakwamisha wenzake juani kando ya mikoko. Ngozi ya tari nayo hulegea kwa unyevu, yataka kuoteshwa moto kabla ya kupigwa, kwa hiyo ratiba isiyoacha nafasi hiyo imeandikwa na mtu asiyeijua ngoma. Safari ikivuka mipaka huongezeka viza, mikataba na fedha za watu. Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, sauti peke yake isingemfikisha: ilibidi pawe na chombo, malazi na mapatano.

Wako watakaosema kwamba nia njema yatosha, Mungu atamsaidia mwenye kuhudumia watu wake. Nia naiheshimu, lakini fiqhi haikuishia hapo. Anayejitia utabibu bila kuujua hubeba dhamana ya madhara aliyoyasababisha, hata kama alitaka kuponya. Sioni kwa nini anayejitia uamiri asipimwe kwa kipimo hicho, mwimbaji anapoachwa uwanja wa ndege bila nauli. Wengine wataogopa kwamba daftari la malipo huua ikhlasi. Hofu hiyo ina uzito, kwani khidma ikigeuka biashara tupu huwa imepoteza kitu. Hata hivyo aya ndefu kuliko zote katika Qurani, ya 282 ya Sura al-Baqara, inaamrisha deni liandikwe, tena mbele ya mashahidi. Kuandika, basi, kunalinda undugu, hasa pale posho inapogawiwa usiku na kila mtu amechoka. Na anayeona ngoma zenyewe si halali, sitamshawishi kwa maneno machache haya. Ila hata yeye hatakubali msafiri adhulumiwe haki yake. Ndiyo maana ningependa kuona vikundi vya kasida vikimfundisha kijana mmoja hesabu, mikataba na majira ya maji kwa bidii ile ile vinayomfundishia mwenzake mahadhi.